Sinia Lenye Ulimi

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zangu zote za Uarabuni, mwanangu, ni sikukuu ya Idi ya kuchinja, mchana, ndani ya chumba cha kulia cha nyumba moja ya Al-Hamra, Jeddah. Nimesimama ukutani na jagi la maji mkononi. Wanawake wameketi na hina zao, wananukia udi mpaka pumzi inakuwa tamu. Katikati yao limetulia sinia la fedha, lile la Kizungu, na juu yake kifuniko kilichovimba kama kuba la msikiti. Madam Nawal, mwenye nyumba, akapiga bismillahi, akashika kishikio, akainua. Mvuke ukapanda. Harufu ya bega la kondoo ikatoka, watu wakaanza kusema mashallah, na hiyo mashallah ikawakatikia kooni.

Pembeni mwa nyama, pale palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa pekundu. Mabaka mekundu ya shaba, kama mtu mwenye upele.

Akaitwa kaka yake madam, Fawaz, kutoka upande wa wanaume. Wageni wakajitanda. Fawaz akaja, akalitazama sinia, akanitazama mimi, wala hakuuliza kitu. Alininyooshea kidole.

"Harami," akasema. Hilo ndilo neno lao la mwizi. "Amelibadilisha. Sinia langu la fedha safi amelipeleka sokoni, ametuletea shaba. Polisi waje baada ya Alasiri."

Huyo Fawaz ndiye aliyekuwa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwake Riyadh, ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ilikuwa na jina lake. Mtu kama huyo akikuita mwizi katika nchi ile, hakuna wa kuuliza mara mbili. Jagi likaniponyoka, maji yakaenda kwenye zulia la Kiajemi, na hakuna hata mmoja aliyeangalia zulia.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana mtu hawezi kuujua utamu wa mchuzi bila kujua nani alikuna nazi.

Mimi ni Mejumaa, wa Kinondo, huko Kwale. Shule niliiacha darasa la tano nikaenda kuuza viazi karai, kwa hiyo usinitafutie maneno ya vitabuni. Naandika kama ninavyosema. Sijawa mzee wa kutembelea mkongojo, lakini mgongo wangu umeinama mapema na mdomo wangu umekuwa mchungu mapema vile vile. Wasichana wa siku hizi wakiniona wanasema, "Mama Mejumaa ana hasira." Ninazo. Lakini leo nakusimulia jambo ambalo nikilikumbuka nacheka peke yangu mpaka kuku wanashtuka.

Wakati ule mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa wanaingia vijijini kwetu kama mvua ya masika. Wetu alikuwa Rashidi wa Ukunda. Alikaa kwenye mkeka wa mama yangu, akanywa chai yake, akala mahamri yake, akasema, "Mejumaa atafanya hoteli ya ghorofa, kazi yake kubeba sahani tu, tena atavaa tai." Mama akafurahi kwa ajili ya ile tai. Basi nikaenda. Tai niliiona, alikuwa ameivaa askari wa uwanja wa ndege. Mimi nilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwa Fawaz, Riyadh, nikapewa ndoo na fagio.

Katika nyumba ile ya Riyadh kulikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati sinia. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, refu kama mtoto wa miaka miwili akilala. Fawaz alipenda kuwaeleza wageni wake: limetengenezwa Uingereza zamani, enzi za malkia wao mmoja aliyetawala mpaka akazeeka kitini, na mabwana wakubwa walikuwa wakikatia nyama juu yake. Ndani limechongwa mifereji mithili ya mti wenye matawi, mchuzi wa nyama unateremka kwenye matawi, unaingia shinani, unakusanyika kwenye kishimo mwishoni. Chini lina tumbo. Unafungua kizibo kidogo pembeni, unatia maji ya moto, na nyama inakaa na joto lake mpaka wa mwisho ashibe. Mimi nilipoliona hilo tumbo nilisema, Wazungu wana akili, lakini mbona kondoo mzima hawezi kuingia hapa?

Tena lilikuwa na jambo lake. Ukilinyanyua, linaongea. Ndani ya lile tumbo kulikuwa na kitu, sijui kokoto, sijui kipande cha chuma, kinatembea kutoka pembe hii hadi pembe ile. Kong, ko-kong. Mimi nilikuwa nalipangusa vumbi na kila nikiligusa linanijibu. Fawaz hakupenda. "Usilitikise," alikuwa akisema. Nilidhani anaogopa litavunjika.

Na hilo sinia halikuwa lake. Lilikuwa la mama yake, bibi mkubwa ambaye nyumba nzima inamwita Sitti. Miaka ya nyuma Sitti alivua bangili zake za harusi, dhahabu ya miaka yake yote, akampa mwanawe aliyekuwa anasafiri London, akamwambia, "Niletee kitu cha fedha cha kulia nyama Idi, kitu cha wajukuu kunikumbukia." Fawaz akaja na sinia, halafu akaliweka kwake. Kila Sitti akiuliza, anaambiwa, "Lipo salama, mama, Jeddah kuna unyevu wa bahari, litaharibika." Bibi akauliza mpaka akachoka, mwaka ule akasema anataka kula juu ya sinia lake kabla hajafa. Ikabidi Fawaz alitoe.

Ndipo tukatumwa Jeddah pamoja, mimi na sinia. Kule kwao ni kawaida, mwanangu: ndugu ana karamu, unamwazima sufuria, unamwazima viti, unamwazima na mfanyakazi. Hakuna anayemuuliza mfanyakazi. Fawaz mwenyewe angekuja kwa ndege siku ya Idi. Sinia likazungushiwa blanketi, likawekwa kiti cha mbele, likafungwa mkanda. Mimi nikawekwa nyuma na ndoo zangu.

Dereva alikuwa Wekesa, kijana wa Bungoma, Mkristo mwenye mdomo usiolala. Barabara ile ni jangwa tu tangu asubuhi, na kila tukipita tuta, kong.

"Dada Mejumaa," Wekesa akasema, "huyu abiria wa mbele anaongea kukushinda."

"Mwache, ana bahati yake. Yeye amefungwa mkanda."

"Mimi nikirudi duniani mara ya pili nataka nizaliwe sahani."

Tulicheka mpaka akakosa njia ya kutokea kwenda kituo cha mafuta. Utaniuliza, mlikuwa na nini cha kuchekea? Hatukuwa na kitu. Lakini meno si ya kafili, hayaandikwi kwenye ikama.

Nyumba ya Al-Hamra ilikuwa ya Madam Nawal, na jikoni mwake ndimo nilimomkuta Bi Salme. Huyu alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, mpishi wa nyumba ile tangu madam hajaolewa. Mfupi, mnene, leso kiunoni, na jicho ambalo likikutazama unajikagua kama umefunga vifungo. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba akanishika mikono akaigeuza, akaangalia viganja.

"Hawa wa Riyadh wanakupa nini, majani?" akasema. "Kaa kitako ule."

Akanipakulia wali wa nazi na mchuzi wa changu. Wali wa nazi, mwanangu, Jeddah. Nililia juu ya sahani, naye akajifanya haoni, akawa anapuliza jiko la gesi lisilohitaji kupulizwa.

Na Sitti naye nilimpenda tangu siku ya kwanza. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, anaona mwanga mkali tu na vivuli. Sinia liliwekwa kando ya kitanda chake, na kila asubuhi akiamka jambo la kwanza anapapasa matawi ya ule mti, halafu analitikisa. Kong, ko-kong. "Sabahul-heri na wewe," analijibu. Wajukuu, mabinti, jirani, kila aliyeingia kumsalimu alitikisiwa sinia. Nyumba nzima tukazoea kujua Sitti ameamka kwa mlio ule.

Basi siku ya Arafa, kesho yake ndiyo Idi, Sitti akaniita. Sinia lilikuwa limefanya weusi, kama fedha inavyofanya ikikaa.

"Binti, nataka kesho nijione uso wangu humu. Utaweza?"

"Nitaweza, Sitti."

Dawa ya kusafishia fedha ilikuwa imekwisha, na Bi Salme ametoka na Wekesa kwenda kutafuta bizari za Idi. Mtu mwenye akili angengoja. Lakini wewe hujui sisi watu wa Kinondo tulivyo na sufuria. Kwetu, karamu ikikaribia, wasichana wanakusanywa kusugua masufuria ya kukodi, yale meusi ya moshi wa kuni, kwa majivu na makumbi ya nazi. Mama wa watu wanapita nyuma wanakagua. Sufuria ikikosa kung'aa chini, unasemwa mpaka siku ya kuolewa kwako: "Yule? Hata kitako cha sufuria hakijui." Mimi nilikuwa bingwa. Sufuria yangu ulikuwa unaweza kunyolea ndevu.

Majivu nikayapata kwenye chetezo cha udi, majivu laini, yananukia. Makumbi hayakuwepo, lakini nazi za Bi Salme zilikuwa na ndevu zake. Nikang'oa ndevu, nikakata ndimu, nikajifunga leso. Nikasugua, mwanangu. Nikaimba nyimbo zetu za kusugulia na mabega yakafuata wimbo. Weusi ukatoka, nikaona weupe. Nikasema bado. Nikasugua weupe, na chini ya weupe kukaanza kutoka rangi nyekundu, inapendeza, kama jua la asubuhi. Unajua nilisema nini? Nilisema, Alhamdulillahi, linageuka dhahabu.

Bi Salme akaingia na vikapu. Akasimama. Akaviweka vikapu chini pole pole.

"We Mejumaa. Umemsugua mtu wa watu mpaka umemtoa damu."

"Bi Salme, si dhahabu hiyo?"

"Dhahabu ya bibi yako wa wapi? Hiyo shaba." Akapiga kidole kwenye baka, akanusa, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Nenda kamwambie madam. Sasa hivi. Usilaze jambo hili."

Nikaenda. Madam Nawal alikuwa anapakwa hina miguu yote miwili, simu sikioni, watoto wanamlilia nguo. Nikasema, "Madam, sinia..." Akasema, "Limeng'aa? Kwisha, halas, yalla nenda." Nikasimama tena, akanipungia mkono. Nikarudi jikoni nikamwambia Bi Salme nimefukuzwa. Akaguna, "Haya. Umebisha hodi, hukufunguliwa. Hilo likumbuke." Sikujua kwa nini nilikumbuke.

Asubuhi ya Idi Sitti aliletewa sinia kitandani. Akaliinamia mpaka pua ikagusa. Aliona mng'ao, na ndani ya mng'ao kivuli cha uso wake mwenyewe. Alinibusu kichwani. Nami nikalitia maji ya moto tumboni, Bi Salme akalaza bega la kondoo juu ya mti, tukazungushia kotimiri, tukafunika. Na hayo mengine nimeshakwambia.

Sasa turudi pale pale, kwenye kidole cha Fawaz.

Niliondoka chumbani vipi sijui. Nilijikuta jikoni natafuta viatu vyangu. Lango lilikuwa wazi, wageni wanaingia na kutoka, magari yamejaa nje. Wekesa alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na sahani ya pilau.

"Wekesa, nipeleke."

"Nikupeleke wapi?"

"Popote. Riyadh kuna wenzetu mtaa wa Manfuha, wanakaa bila karatasi, wanafanya vibarua. Nitajificha huko."

Wekesa akaweka sahani chini. Hakuwa na utani safari hii. "Ukiniambia twende, tutaenda," akasema. "Lakini ngoja nimuulize Mama Salme kwanza."

Hakuwa na haja ya kuuliza. Bi Salme alikuwa amesimama nyuma yangu na kisu cha kukatia nyama mkononi, na kiatu changu cha pili kwenye mkono mwingine. Hakukiachia.

Maneno aliyoniambia pale ndiyo niliyokuandikia barua hii yote nikupe. Alisema hivi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekemea mtoto msikitini:

"Nisikilize. Miaka yangu yote hapa nimefungulia wasichana lango la nyuma, kwa mkono wangu huu. Kipigo, kikimbie. Mwanamume akiingia chumbani kwako, kimbia hata bila nguo, mbele utasitirika. Njaa, ikimbie. Lakini uongo usiukimbie. Uongo ukiukimbia ndio umeupa miguu. Ukitoka lango lile sasa hivi, Fawaz hana haja ya ushahidi tena, wewe mwenyewe umemtolea. Utaishi Manfuha unaogopa kivuli cha askari, na jina lako limebaki humu ndani, limekaa mezani, linaliwa na nyama. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wewe uliiba?"

"Sikuiba."

"Sinia ni lile lile?"

"Lile lile, Bi Salme. Wallahi."

"Mimi najua. Na wewe unajua. Sasa nani mwengine analijua kama wewe unavyolijua?"

Nikafikiri. Kichwa kilikuwa kinawaka moto, lakini masikio yalikuwa yanasikia kitu. Yalisikia jangwa la Riyadh, tuta kwa tuta. Yalisikia asubuhi za Sitti.

Nikavaa kiatu kimoja nilichokuwa nacho, nikarudi ndani hivyo hivyo, chikichi-chi, kama kuku aliyevunjika mguu.

Walikuwa bado wanazozana. Fawaz amesimama, Madam Nawal analia, Sitti amekaa kitini pake, uso umezeeka ghafla. Mimi ni mtu wa kuambiwa yalla. Siku ile hakuna aliyeniambia. Nikalitoa bega la kondoo kwa mikono yangu, nikaliweka juu ya sahani ya wali. Nikanyanyua sinia na maji yake ya moto tumboni, mchuzi ukanimwagikia kifuani, nikamsogelea Sitti mpaka karibu na sikio lake.

Nikalitikisa.

Kong. Ko-kong.

Halafu Sitti akanyoosha mkono, akashika pembe ya sinia, akalitikisa mwenyewe. Kong. Akapapasa matawi ya mti, tawi la kulia, la kushoto, mpaka kwenye kishimo.

"Sabahul-heri na wewe," akaliambia.

Mjukuu mmoja akacheka. Shangazi mmoja wa Aziziya, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia ngamia, akasema, "Hilo ndilo alilonitikisia mimi juzi nikaumwa na sikio." Mwingine akasema, "Ni lile lile." Ikawa kila mmoja anasema ni lile lile.

Na Sitti, macho yale yasiyoona, akamgeukia mwanawe moja kwa moja kama mwenye kuona.

"Kama ni lile lile, Fawaz, basi lilikuwa shaba tangu ulipolileta. Bangili zangu ziko wapi?"

Mwanangu, la kuvunda halina ubani. Fawaz akaanza kusema mwenye duka la London alimdanganya. Kwamba yeye hakujua. Kwamba wafanyabiashara wa kule ni wajanja. Sitti akamwacha aseme mpaka mwisho, halafu akamuuliza swali moja tu:

"Kama mwizi yuko London, mbona umemwonyesha kidole huyu wa hapa?"

Fawaz alishika ncha ya kanzu yake akatoka. Na yule shangazi wa Aziziya akapiga kigelegele. Kigelegele, mwanangu, cha harusi kabisa. Wakapokea wote, meza nzima, nyumba ikajaa, na huko jikoni nikasikia Bi Salme naye akajibu kwa kile cha Kizanzibari kinachopanda kama kishada. Wekesa nje, asiyejua kitu, akapiga honi.

Madam Nawal akafuta machozi akauliza, "Sasa nyama tutailia juu ya nini, mama?" Sitti akasema, "Lirudisheni bega mahali pake. Shaba au fedha, kondoo hajui." Akanikalisha chini ubavuni kwake, mimi na kiatu kimoja na mchuzi kifuani, akanimegea kwa mkono wake. Nilikula nyama ya Idi juu ya sinia la mabwana wa Kizungu. Ilikuwa laini, ina iliki na ndimu kavu, na maji ya moto chini yake yalikuwa bado yana kazi. Siku hiyo nilielewa kwa nini walitia tumbo.

Baadaye Wekesa alijitolea kufungua kizibo kwa koleo ili tukione hicho kinacholia. Sitti akalikumbatia sinia. "Huo ndio ulimi wake," akasema. "Shahidi hakatwi ulimi." Mpaka leo sijui ni kitu gani.

Sitti alimlazimisha Fawaz anihamishe, ikama ikaenda kwa Madam Nawal, nami nikabaki Al-Hamra miaka ya raha kuliko nilivyotarajia. Sisemi raha ya peponi. Nasema tulicheka. Bi Salme alinifundisha kupika mpaka nikamshinda kwenye sambusa, jambo alilolikana hadi alipoagana nami. Sitti alipokaribia kufa alisema sinia wabaki nalo wajukuu, ila kifuniko apewe Mejumaa. Nilikipitisha uwanja wa ndege wa Jeddah kimefungwa kwenye dera, ofisa akauliza ni kofia ya nani, Madam Nawal akazungumza naye kwenye simu kwamba ni zawadi ya mama yake, nikapita.

Sasa kifuniko kiko hapa Kinondo. Nafunikia pilau za harusi, watu wanakodi. Mama yangu, Mungu amrehemu, habari ya kuitwa kwangu mwizi ilimfikia kabla yangu, maana maneno hayahitaji viza. Aliwajibu, "Mejumaa aibe sinia la nyama? Nyama yenyewe angeipata wapi?" Watu walicheka. Lakini, mwanangu, mpaka leo nikileta kile kifuniko kwenye shughuli kuna mwanamke atamnong'oneza mwenziwe, "Si ndicho alichoiba kule?" Nami nasikia. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi, na ninajua unafunga, maana mama yako ameniambia, shika haya. Ukiambiwa utavaa tai, uliza tai iko wapi kabla hujapanda ndege. Chombo cha watu kisafishe kwa dawa ya watu, usilete ushujaa wa kwenu. Ukiharibu, sema siku ile ile, hata mwenye mali akikupungia mkono; wewe umebisha hodi. Kipigo kikimbie, wala usione haya. Uongo, urudie na kiatu kimoja. Na popote utakapofika, tafuta jikoni mtu mzima mmoja umwamkie, umsaidie kukuna nazi. Siku yako ya kidole ikifika, atakuwa ameshika kiatu chako.

Mungu akupe mabosi wenye masikio, akupe wenzako wa kucheka nao, akurudishe kwa mama yako na viganja vyako vikiwa vizima, na nyama ya Idi uile ukiwa umekaa, si umesimama ukutani. Amina.

Na wewe Rashidi wa Ukunda, uliyekula mahamri ya mama yangu, ile tai bado naingoja. Uje useme mbele ya wazazi wa wasichana hawa uliwapeleka wapi wenzao. Na wewe Fawaz, mwana wa Sitti, najua una watu wanaokusomea hata Kiswahili, maana hujaacha kuajiri watu wetu. Za bangili utamjibu mama yako huko aliko. Mimi nadai langu. Ulitamka neno moja, kwa sauti, mbele ya meza nzima, na ulitoka bila kulirudisha. Kigelegele hakikulifuta. Lirudie ulichukue, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale waliobaki hai. Nani mwizi, Fawaz? Jibu.